Jiwe la Mama

Wiki iliyopita niliona Landrova kuukuu imeegeshwa kwenye mteremko kule Butimba, jiwe likiwa chini ya tairi, nikacheka peke yangu barabarani.

Ya Baba, nilipokuwa mdogo, ilikuwa hivyo hivyo. Breki zake za dramu, zile za kizamani, zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo kila tuliposimama mlimani, Mama aliruka na jiwe akalitia chini ya tairi. Niliamini hiyo ndiyo sababu ya Mama kusafiri nasi.

Mchana mmoja fundi alikuja kutufungia breki mpya za diski. Uani kulinuka oili ya breki na dagaa wa jirani walioanikwa. Fundi alilala chini ya gari akipiga kelele, "Kanyaga! Shikilia hapo hapo!" Baba akakanyaga na kukanyaga, mpaka upepo wote ukatoka kwenye breki. Fundi akafuta mikono.

"Mzee, lile jiwe sasa tupa."

Nikaangua kilio. "Kwa hiyo Mama atabaki nyumbani?"

Baba na fundi walicheka hadi fundi akakaa chini. Mama hakucheka. Alinibeba, akapanda garini na jiwe lake mapajani.

Tukateremka kuelekea Kirumba kuzijaribu breki. Baba akakanyaga breki, gari likasimama papo hapo.

"Umeona mambo hayo?" akajitapa.

Mama alikuwa ameshashuka, jiwe liko mbele ya tairi. "Baba Neema, hizo breki nimezijua leo. Hili jiwe nalijua tangu uliponioa."

Baba akashuka, akaangalia huku na huku, kisha akalikaza jiwe vizuri kwa mguu.