Nyanya za Kupeleka

Dada yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na tangu niolewe Mbeya hajawahi kuniacha niondoke kwake Kalenga, Iringa, mikono mitupu. Kikapu cha nyanya lazima. Nisipoweza kwenda, humpa kondakta wa basi, nami hukipokea Uyole. "Hizi hazina dawa, mdogo wangu," huniambia kila mara. "Mpe mtoto." Nami nikampa mtoto. Binti yangu alipoanza kula, alianza na viazi vilivyopondwa na nyanya za mama yake mkubwa.

Mimi nafanya kazi maabara. Tunapima mabaki ya dawa za wadudu na ukungu kwenye mboga na matunda. Watu wakisikia maabara hudhani unachungulia mtambo na jibu linatoka. Thubutu! Nyanya inagandishwa, inasagwa mpaka iwe uji, inatiwa kimiminika cha kuichomoa dawa, kisha chumvi. Unaitikisa mpaka mkono unauma, halafu inazungushwa kwa kasi ili makapi yakae chini. Kinachobaki juu ndicho kinachosafishwa, na tone lake dogo linaingia kwenye mtambo. Mtambo unachora mstari. Pasipo na dawa mstari unalala. Penye dawa unainuka kilima, na kila dawa ina dakika yake ya kuinuka.

Ila huwezi kuuamini mtambo bila kuwa na nyanya ambayo una hakika haijapigwa dawa. Tunaiita blanki. Unaitia dawa kwa kiasi unachokijua mwenyewe, unaipima, unaona kama mtambo unakurudishia ulichoweka. Blanki ikiwa chafu, kazi yote bure. Na msimu wa mvua, ukungu unapowatia wakulima wazimu, nyanya ya namna hiyo huku kwetu ni maziwa ya kuku.

Basi msimu mmoja wa mvua tukakosa blanki. Nikajitokeza kwa mbwembwe: nyanya za dada yangu zipo, zimefika jana. Wenzangu wakanitania kwamba sasa ukoo mzima umeajiriwa.

Mstari uliinuka, nami sijatia kitu.

Nilijilaumu mimi kwanza. Nikasema nimechafua chupa. Nikaosha kila kitu upya, nikabadilisha sindano, nikaingiza kimiminika kitupu, mstari ukalala vizuri. Nikaingiza nyanya ya dada: kilima kilekile, dakika ileile. Ilikuwa dawa ya wadudu, na imepita kiwango kinachoruhusiwa. Mwenzangu wa meza ya pili alisema taratibu, "Labda jirani yake alipiga, upepo ukaleta." Nilimshukuru kwa huruma yake. Upepo gani unaleta dawa yote ile?

Jumamosi nikapanda basi la Iringa. Njia nzima nilikuwa wakili wa dada yangu. Labda kondakta alibadilisha kikapu. Labda shemeji alipiga dawa bila kumwambia. Nilipofika alinipokea na "kamwene" yake ya furaha, salamu ya kwetu, akanikumbatia, na nikaona haya kwa niliyokuwa nikiyafikiria.

Ugali ulipokaribia kuiva akaniambia, "Kachume nyanya za kachumbari hapo nyuma." Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta machache, nyanya ndogondogo zenye makovu, majani yametobolewa na wadudu. Nilisimama nikizitazama. Za kikapuni huwa kubwa, zinang'aa, hazina hata doa. Mimi ninayeishi kwa kupima nyanya sikuwahi kujiuliza. Nani humkagua dada yake? Tulikula, na wajukuu wake wakagombania sahani ya kachumbari.

Wakati wa kuondoka alichukua kikapu. Akapita matuta ya nyuma bila kuyatazama, akashuka kwenye shamba la mtoni, ambako bomba la kupigia dawa lilikuwa limetundikwa mtini. Nikamfuata.

"Dada, mbona huku?"

"Za kule ni za kula," alisema, mikono ikiendelea kuchuma. "Hizi ni za kupeleka."

Hakuwa hata na haya. Alisema kama anayenielekeza kuni zinakaa wapi.

"Uliniambia hazina dawa."

"Sasa ningekwambia zina dawa, ungezipokea? Za kule zina makovu. Ningekupa hizo, shemeji zako huko Mbeya wangesema ndugu zako tunakutupia makapi."

"Mwanangu anakula hizi, dada. Tangu hajaota meno. Nimezipima."

Hapo alisimama, nyanya mkononi. Nilingoja ashtuke. Nilingoja aiangushe ile nyanya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sikutaka methali, nilitaka aseme pole.

"Aa, watu wote wa Mbeya wanakula hizi," alisema. "Mbona hawafi?"

Watu wote wa Mbeya. Mtu aliyenibeba mgongoni alikuwa amenihesabu huko, na mwanangu pia, na hakuona kama amefanya kosa.

Alikijaza kikapu mpaka juu, akakifunika kwa majani ya maboga kama siku zote, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Umsalimie mwanangu," alisema. "Mwambie mama mkubwa kamletea nyanya."