Spika ya Mjomba

Juzi, kwa fundi redio hapa Tunduma, nilisikia harufu ya vumbi linaloungua ndani ya amplifaya. Nikasimama mlangoni nikinusa kama mbwa, na digrii zangu zote.

Ilikuwa harufu ya mazoezi ya mjomba, aliyekuwa na bendi ya roki nilipokuwa mtoto. Walipiga magitaa ya umeme kwenye uwanja wa baa kule Iyula, watu wakawaomba rumba, na walipoikosa wakaondoka. Kanda zao hazikununuliwa upande huu wa mpaka wala Zambia. Mjomba alikuwa ameichana spika ya amplifaya yake kwa wembe ili gitaa lingurume, na alitamani mtu mmoja tu, asiye wa bendi, aupende mlio ule.

Bibi alimwonea huruma mwanawe. Mjomba alipokwenda shambani, bibi akaziba mpasuko kwa karatasi na uji mzito, akaianika spika juani. Jioni gitaa likalia safi kabisa.

"Mama, nani kaniharibia spika?"

"Nimekutengenezea, mwanangu. Sasa watanunua."

Mjomba alimshukuru, akasubiri aende jikoni, akaichana upya.

Jumapili moja kanisani, gitaa la kwaya ya vijana likanguruma. Mpigaji alikuwa kijana aliyezoea kuja kusikiliza mazoezi ya mjomba. Waumini wakatazamana. Bibi akaninong'oneza, "Maskini, spika ya hawa nayo imechanika. Nitawaletea uji."

Mjomba, ambaye kwa kawaida alitoroka baada ya sadaka, siku hiyo alikaa hadi tangazo la mwisho.