Ukanda wa Mpira

Nikipita soko la Kariokor, nikisikia harufu ya mpira unaokatwa, huharakisha hatua. Baba alikuwa fundi wa akala pale, viatu vya tairi. Siku moja dada alitia mkono kwenye rundo la tairi kuukuu, nyoka akamuuma kidole. Baba akakata ukanda wa tyubu, akauzungusha kwenye mkono wa dada, akanipa ncha.

"Shika hapa, vuta! Sumu isipande."

Dada akalia, "Legeza, naumia!" Nikazidi kuvuta, nikiogopa atakufa.

Tulifika hospitalini kesho yake, ukanda ungali umekaza. Daktari aliutazama mkono uliokwisha kuwa mweusi. "Kilichoua mkono huu ni mpira, si sumu. Nani alifunga?"

"Ni mimi," baba akajibu. "Peke yangu."

Siku hizi dada akifunga leso kichwani kwa mkono wake mmoja uliobaki, mimi humshikia ncha. Sivuti.