Mihogo Nyuma ya Mashine

Kwa muda mrefu mama yangu hakujua awaambie watu nafanya kazi gani. Wakimuuliza sokoni, alisema mimi ni mtu wa umeme. Wakizidi kuuliza, alisema nina mashine. Wakimbana kabisa, aligeuza maneno akaanza kuulizia bei ya chumvi. Nilisoma ufundi wa umeme, nikafungua kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza redio pale mjini Baraka, nikaolewa huku nimeshika bisibisi, na sijawahi kuionea aibu kazi yangu hata siku moja. Ila ile ya mama kukimbilia chumvi ilinichoma, na mimi nikichomwa siwezi kukaa kimya. Tulizozana sana juu ya hilo.

Mashine zangu zinachimba sarafu za mtandaoni. Nitaeleza mara moja tu, kwa sababu nimeshaeleza mpaka nimechoka. Mashine inakisia namba. Haifanyi kingine. Inakisia kutwa kucha, na dunia nzima kuna mashine nyingine zinakisia vilevile, na itakayoipata namba inayotakiwa ndiyo inayolipwa. Mwenye mashine chache kama mimi akibaki peke yake anaweza kuzeeka bila kuona kitu, kwa hiyo tunajiunga kwenye kundi. Kila mashine inalionyesha kundi kazi iliyofanya, na mmoja wetu akipata, malipo yanagawanywa kufuatana na kazi ya kila mtu. Mama alilielewa jambo la kundi papo hapo, maana yeye na wenzake hulimiana mashamba kwa zamu, na asiyeonekana na jembe hapati wa kumlimia. Kilichomkera ni kwamba mwisho wa kulima kwangu hapakuwa na kitu cha kutia kwenye sufuria.

Baraka kwenyewe zisingewezekana. Mashine hizi zinakula umeme bila huruma, na umeme wetu wa kibandani ulikuwa wa jua, uliotosha simu za watu na redio tu. Lakini Lubondja, kijijini kwa mama, kanisa lilikuwa limefunga turbini ndogo ya kuzalisha umeme kwenye mto unaoshuka kutoka milimani. Jioni iliwasha taa za nyumba. Mchana watu wakiwa mashambani, umeme haukuwa na mtumiaji, na kwa kuwa turbini haipendi kuzunguka bila mzigo, fundi aliupeleka kwenye pipa la maji. Maji yakachemka bure. Siku nilipoona lile pipa linatoa mvuke na hakuna hata mtu wa kuchovya kikombe, roho iliniuma kweli.

Nikaenda kwa kamati ya umeme. Tukakubaliana: umeme wa ziada nichukue mimi, nilipe kidogo kila mwezi, na jioni watu wakianza kuwasha taa nizime mashine za kutosha ili taa ya mtu yeyote isififie. Mume wangu akabaki na kibanda Baraka. Mashine nilizonunua zikavuka ziwa zikiwa zimetumika tayari, zimefungwa ndani ya magodoro, zikashukia Kazimia na kupandishwa mpaka Lubondja kwa pikipiki, na mimi nyuma nikimwombea dereva kwenye kila shimo.

Kazi ya kuzifunga niliipenda kuliko yote. Nilipewa chumba cha matofali karibu na nyumba ya turbini. Upande wa mbele, unaotazama mto, nilitoboa dirisha na kuliwamba kitambaa chepesi, hewa ya baridi iingilie hapo. Ukuta wa nyuma nikautoboa tundu kubwa la kutolea joto. Mashine nikazipanga kwenye rafu ya mbao za mikaratusi, migongo yote ikielekea lile tundu, ili feni zivute mbele na kutema nyuma. Modemu ya simu nikaifunga juu ya mwanzi mrefu mpaka ikapata mtandao. Kisha nikakaa chini na simu yangu, nikaandika anwani ya kundi na jina la kila mashine, nikasubiri. Zilinguruma, zikapiga kelele, na kwenye kioo cha simu kazi ya kwanza ikakubaliwa. Nilicheka peke yangu chumbani. Hata sasa, ikikubaliwa ya mashine mpya, nacheka.

Mama alikuja kuangalia siku ya pili yake. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akasema kelele hii itafukuza kuku. Akaondoka. Kuku wenyewe walizoea upesi, wakawa wanalala nyuma ya ukuta kwenye joto, lakini hilo hakulitaja.

Mvua za mwaka ule zilikuja na hazikujua kuondoka. Na ndani ya mvua hizo ndipo wakwe walipopanga kuja. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa Baraka, na wazee wa upande wa kijana walikuwa waje na mahari, wale, wanywe, na wayaone mazingira ya binti. Kwetu siku hiyo ugali ndio unaozungumza. Ukiwa mweupe na laini, wageni wanajua wameingia nyumba ya watu wa kazi. Ukiwa mweusi, hawatasema kitu mbele yenu, watasema njiani wakirudi, na bibi harusi atayasikia maisha yake yote.

Unga mweupe unataka mihogo iliyokauka vizuri, na mihogo inataka jua. Mama aliivuna, akaimenya, akairoweka mtoni, akaitoa imelainika na kuianika juu ya bati. Mvua ikanyesha. Akaishusha, akaianika tena, ikanyesha tena. Ndani ya nyumba akawasha moto chini ya uchanja, ikashika moshi na kuwa ya rangi ya udongo. Iliyobaki ikaota ukungu mweusi. Nilimwambia ninunue unga Baraka. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, lakini si hilo lililomuudhi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

“Bakwe bakikula bugali nyeusi, batasema mutoto wangu hajui kazi,” alisema. “Na bakikula bugali ya kununua, batasema mama yake ndiye hajui.”

Mdogo wangu alikuwa anaokota vipande vyenye ukungu na kuvikwangua kwa kisu, kimoja kimoja, na nilipomwangalia usoni niliona anajizuia kulia.

Siku moja mama alikuja kwenye chumba changu kunilalamikia, sikumbuki tena juu ya nini. Mvua ikamkuta njiani. Akajibanza nyuma, kwenye ukuta wa tundu, chini ya kipande kidogo cha bati nilichokuwa nimekiweka ili maji yasirudi ndani. Nilipotoka nilimkuta bado amejibanza hapo. Kikwembe chake, kile kitenge cha kiunoni, kilichokuwa kinatiririka maji kilikuwa kinapepea na kukauka mwilini. Alinyoosha kiganja mbele ya tundu, akakishika pale muda mrefu.

“Hii joto inaendaka wapi?” akauliza.

Nikamwambia inakwenda nje.

“Nje iko kwa nani?”

Nilikuwa nimehesabu joto lile kuwa adui yangu tangu siku ya kwanza. Kazi yangu yote ilikuwa kulifukuza. Na mvua zile zilikuwa zimejaza mto, turbini ilizunguka vizuri kuliko wakati wowote, mashine zangu zote zilikuwa zinawaka. Kadiri jua lilivyokosekana, ndivyo joto langu lilivyozidi. Hilo nililiona pale pale, nikajicheka kwa kuchelewa kuliona.

Kabla ya giza tulikuwa tumesimamisha uchanja wa mianzi nyuma ya ukuta, na mihogo mipya iliyotoka mtoni ikapangwa juu yake, vipande vyembamba. Kesho yake ilikuwa imeshika ngozi. Keshokutwa yake ilikuwa inalia kavu ukiigonga kwa kucha. Na ilikuwa nyeupe. Mama alivunja kipande, akanusa, akampa mdogo wangu anuse naye, halafu akaja kunionyesha mimi. Nilifurahi kuliko siku ya ile kazi ya kwanza kukubaliwa, ingawa siku hiyo sikumwambia.

Habari ikatembea. Majirani wakaja na vikapu vyao, pamoja na mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa na shamba ng'ambo ya mto na mihogo mizuri kuliko ya sisi wote. Nikakubali wote. Nyuma ya mashine pakawa na vicheko kutwa, na mimi mle ndani na brashi yangu ya kupangusia mashine nikajiona mtu wa maana.

Kisha mashine moja ikazima. Kwenye simu, kundi lilionyesha haitumi kazi. Nikaiwasha, ikakaa kidogo, ikazima. Ya pili ikafuata. Nikagusa ubavu wake, ungeweza kuchomea mahindi. Mashine hizi zikipata joto kupita kiasi hujizima zenyewe zisiungue, na feni zote zilikuwa zinazunguka. Nikaifungua ya kwanza. Kati ya zile bati nyembamba za kupozea, mahali pa kupita hewa, palikuwa pamejaa unga mweupe, umebanana vizuri kabisa.

Nilitoka nje nikazunguka mbele. Walikuwa wameketi chini ya dirisha langu, mama yangu na wenzake, na vinu vyao. Ukuta wa mbele ulikuwa na ukingo mpana wa bati, mahali pakavu kuliko pote kijijini wakati ule, na mihogo iliyokauka walikuwa wanaizungusha kutoka nyuma na kuja kuitwanga na kuichekecha hapo hapo, mbele ya mdomo wa mashine. Kitambaa cha dirisha kilikuwa cheupe kama kitambaa cha madhabahu. Kila walipochekecha, nusu ya vumbi ilikwenda ndani.

Nilipandwa na hasira. Nilisema mambo mengi, na si yote yaliyostahili kusemwa na mtoto kwa watu wazima. Nilisema mihogo yote iondoke, mbele na nyuma. Wakaanza kukusanya vikapu vyao polepole. Mama alifunika unga aliokuwa nao, ambao haukufika hata nusu ya unaohitajika, na mdogo wangu akainama kumsaidia. Wakwe walikuwa wanakuja mwisho wa juma hilo.

Nilirudi ndani nikaketi sakafuni. Hasira yangu huja upesi na kwisha upesi, na ilipokwisha nikabaki na hesabu nyepesi. Wale wamama hawakuwa na kosa ila kutafuta pakavu. Nilikuwa na mabati mapya yamefungwa kwenye kona, mabati ya kuongezea chumba cha mashine nyingine, niliyoyapandisha kwa shida mpaka huku. Nikayaangalia. Halafu nikaenda kumwomba mlinzi wa turbini nyundo na misumari.

Tulipiga paa nyuma, refu, kutoka ukutani mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Uchanja ukakaa karibu na tundu, vinu vikakaa mwisho kabisa, na vumbi la unga likawa linapulizwa kuelekea bondeni, mbali na dirisha. Nikawaita warudi. Yule mama wa Kirundi akasema alijua nitaita, ndiyo maana vikapu vyake hakuvipeleka mbali.

Kusafisha ndiko kulikobaki, na sikuweza kuzima zote pamoja, maana joto lingekatika na mihogo ilikuwa bado mibichi ndani. Nilizitoa moja moja. Nilikuwa na brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, na kwa mikono miwili tu haiwezekani kupiga pampu na kulenga mpira wake wa hewa wakati mmoja. Mama akaja akaichukua pampu bila kuombwa. Akafunga kikwembe vizuri, akakanyaga chini, akaanza kupiga, na mimi nikalenga, unga ukaruka mpaka kwenye nyusi zetu. Aliinama kuchungulia ndani ya mashine, akasema kumbe ina mbavu kama samaki. Akauliza hii waya ni ya nini, na ile. Nikamwambia. Tangu nianze kazi hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza na kungoja jibu. Tulizimaliza zote, zikarudi kwenye kundi, na mama akasimama mbele ya simu yangu kuona jina la kila moja likitokea tena.

Wakwe walifika wamelowa mpaka magotini kwa sababu ya ile barabara. Tukawapa maji ya moto ya kuoga, maana kwa mto uliojaa, pipa la fundi bado lilikuwa na kazi yake, kisha tukapakua. Ugali ulikuwa mweupe. Sitasema mengine juu yake. Mdogo wangu aliubeba mwenyewe kwenye sinia, mgongo umenyooka, akauweka mbele ya wazee na kupiga magoti, na niliona baba mkwe anautazama kabla ya kunawa.

Walikula vizuri, na walipoanza kushiba ndipo wakaanza kuuliza watu. Huyu nani, yule nani, anafanya nini. Baba mkwe akanielekezea kidole, akamwuliza mama: na huyu mkubwa, kazi yake ni ipi?

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa tayari kueleza namba, na kundi, na sarafu, kabla mama hajakimbilia bei ya chumvi. Mama hakuangalia hata upande wangu.

“Uyu?” alisema. “Anakaushaka mihogo ya mugini muzima. Ile makelele ingine ni mambo yake.”

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akakata tonge jingine, akautazama weupe wake na kusema hiyo ni kazi. Nikafunga mdomo wangu, nikamsogezea bakuli la sombe, mboga ya majani ya mihogo.