Mafundo ya Bastola ya Tisa

Mafundi cherehani wa sokoni Kasongo waliposikia ninataka kukusanya bastola za vita, walicheka mpaka mmoja akadondosha mkasi.

"Karani, wazee wa Tabora hawatakuonyesha hata ganda la risasi. Watasema serikali ya Bula Matari imekutuma."

"Mumwache," akasema mwenzake. "Mutu akipata diploma, anatafuta kamba ya kujifungia mwenyewe."

Niliwaacha wacheke. Sikuwa na mjomba wa kunisomesha wala padri wa kunishika mkono. Nilikata kuni za meli mtoni, nikasoma, nikarudi kutoka Stanleyville na diploma ambayo mpaka leo iko ukutani kwangu ndani ya kioo. Mtaani kwetu ilikuwa ya kwanza. Aliyefika pale kwa mikono yake hatishwi na mkasi wa fundi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ujanani mwao wazee wetu walikwenda na jeshi la Wabelgiji kupigana na Wajerumani mpaka Tabora, na wachache walirudi na bastola za maofisa walioshindwa. Kuwa nayo bila ruhusa kulikuwa kosa, kwa hiyo wakazificha ndani ya paa au chini ya mpunga. Mimi nilikwenda kwa Mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya yetu, nikazungumza naye kwa Kifaransa safi, nikapata alichokuwa hajaombwa na mtu: bastola iliyotolewa pini ya kufyatulia na kuandikwa namba itakaa kwa mwenyewe, pamoja na cheti. Ningeiazima, fundi wa baiskeli angetoa pini, mimi ningeandika namba na habari za aliyeileta, kisha ningeirudisha. Nilitaka daftari kamili, na jina langu kwenye jalada.

Kila mzee nilimwambia neno moja: ninaazima, sichukui. Msimu mzima wa kiangazi niliendesha baiskeli kati ya Kasongo na Kabambare, vumbi hadi kwenye kope. Nilipata nane.

Ya tisa ilikuwa ya koplo mmoja wa zamani, Mwislamu, jirani wa msikiti, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mpini wa bastola yake ulizungushiwa uzi wa makuti ya mwale, mweusi kwa jasho, wenye mafundo.

"Usiipige pasi kama shati lako, karani," aliniambia, akaniachia.

Namba haikuonekana, nilidhani iko chini ya uzi. Nikaukata kwa wembe, nikaipata namba, uzi nikautupa jikoni motoni. Kisha nikaufuta mpini kwa mafuta ya mawese hadi ukang'aa. Niliipenda kazi yangu. Nikairudisha upesi ili nisifiwe.

Mzee alipitisha vidole juu ya mpini, mara moja, mara ya pili.

"Watu wangu iko wapi?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza, bila kupaza sauti. Katika njia ya Tabora walikufa wapagazi saba waliobeba masanduku ya kikosi chake, wote kutoka upande wa Kabambare. Hakujua kuandika, kwa hiyo alifunga fundo kwa kila mmoja. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, alipika wali, akaita shehe, wakasoma hitima. Vidole vilipita kwenye mafundo, na mdomo ukataja majina. Alijaribu kuyataja pale pale. Alifika la nne, akarudia la pili; la tano halikuja.

"Wewe unaandika, mimi nilifunga. Sasa kati yetu nani hajui kusoma?"

Nilisema nitatafuta uzi mwingine.

"Sikukuazima bastola peke yake, karani. Nilikuazima watu. Hitima ni Ijumaa ya pili kutoka hii."

Nilirudi barabarani na miguu ambayo tayari ilikuwa imevimba. Katika vijiji alivyonitajia niliuliza swali moja: nani alikwenda na mizigo ya Tabora akakosa kurudi? Wengine walinifungia mlango, wakidhani ninaandika watu wa kulima barabara. Diploma haikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kusema ukweli kwamba nimeharibu. Watu walicheka, kisha wakanipa majina. Matatu yaliyokuwa yamepotea yakapatikana.

Katika kijiji cha Wamaza, mama mmoja mzee alinisikiliza hadi mwisho.

"Andika na bwana yangu."

"Mama, koplo alisema saba, nao nimekwisha kuwapata."

"Alibeba sanduku la koplo huyo huyo. Kaa, nikuonyeshe."

Akatoa kata ya majani makavu, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo, akanieleza ilivyomfikia. Kisha akasokota uzi mpya wa mwale pajani pake. Juu ya uzi ule nilifunga mafundo manane.

Ijumaa ile asubuhi nilirudisha bastola zilizokuwa zimebaki kwangu, nyumba kwa nyumba, kila moja na cheti chake. Mwisho nikafika kwa koplo. Shehe alikuwa amekaa, wali umepakuliwa. Si wapagazi wote walikuwa Waislamu; shehe hakuuliza.

Niliuzungushia mpini wa bastola yake uzi mpya, mzee akaushika. Nilimnong'oneza jina kwa kila fundo, naye akalitamka. Kwenye la nane aliondoa kidole.

"Yule nilimfungua mwenyewe. Alikimbia na sanduku la risasi, kapiteni akanipiga mimi fimbo."

"Hakukimbia, mzee. Homa ilimkalisha njiani juu ya sanduku. Wa kikosi cha nyuma walilichukua sanduku, na mpagazi mmoja wa kwao akamzika, akamletea mke wake kata. Nimeishika kwa mikono yangu."

Wali ulianza kupoa. Hakuna aliyegusa sahani.

"Miaka yote hii nimemlaani," mzee akasema. Kisha, "Rudia jina."

Nikalirudia. Akarudisha kidole, akalitamka polepole, akamwambia shehe aanze.

Cheti nilikiweka mkekani karibu na goti lake. Hakukigusa, ila aliusogeza mkono akaniwekea nafasi ya kukaa. Nilikaa. Nilichoka mno hata nisingeweza kusimama kama angenifukuza. Nilipotoka, mafundi cherehani waliniita, "Karani, eti umerudisha zote?" Nikawaitikia kwa kichwa, nikapita, baiskeli nikiisukuma.