Siku ya Kupandisha Kondoo

Mzee niliyemtunza kule Amherst, kando ya jiji la Buffalo, alitoka wilaya ya milimani, mashariki ya Uturuki. Alipojua kwamba mimi ni mtu wa milima ya Kivu Kusini, aliacha kuniona mfanyakazi. Nilimwita Baba, kumbe na kwa lugha yao baba ni baba. Binti yake yuko Columbus, mwanawe wa kiume Louisville, na wote wawili walishachoka habari za huko. Basi zikaniangukia mimi.

Alinichorea wilaya yake kwa kidole, kwenye unga alioumwaga mezani jikoni, nami nikijua nani atakayefagia. Safu mbili za milima, na mto katikati, ndani ya korongo jembamba linaloona jua adhuhuri tu. Barabara ni moja. Theluji ikiifunga, mgonjwa angoje iyeyuke au afe. Kijiji chake kilikuwa na majina mawili: la mababu, na lile ambalo serikali ilikuja nalo kwenye kibao. Juu ya kijiji palikuwa na kanisa la mawe lisilo na paa, na humo walifungia mbuzi. Nikamuuliza wenye kanisa walikwenda wapi. Akafuta unga wote kwa kiganja, akaomba chai.

Nilimkasirikia. Leo kule Kivu kuna mtu anafungia mbuzi wake katika nyumba aliyonizalia mama.

Theluji ya Buffalo ilipoisha, akili yake nayo ilianza kumtoka. Kwao, joto likianza, kijiji kizima huhamia malisho ya juu, na wazee hutangulia ili wasiachwe nyuma. Kila siku aliniuliza tutapandisha kondoo lini. Binti yake alinisihi kwenye simu nimwambie ukweli, taratibu, kila atakapouliza. Mimi nikajifanya najua zaidi. Kwetu mzee habishiwi. "Ndiyo, Baba," nikasema, "kesho asubuhi tunapanda." Akapiga makofi kwa furaha. Kesho yake nikasema vilevile, na keshokutwa pia.

Mama, ninayeishi naye mtaa wa Lower West Side mjini Buffalo, hakupenda. "Unamudanganya mzee wa watu? Bon, ahadi ni deni. Utaona."

Asubuhi moja basi lilichelewa, nikakuta mlango wazi. Amherst ni tambarare, hakuna hata kichuguu. Polisi walimpata juu ya daraja linalovuka barabara kuu, mahali pekee penye mwinuko. Alivaa koti lake la sufu, mkate mfukoni, amelowa mvua chapachapa. Mapafu yake hayakupona tena.

Binti yake alikuja kwa gari kutoka Columbus. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Hospitalini Baba alinitambua. Nilikuwa tayari anifukuze, lakini alinishika mkono, akaupapasa kama anayenituliza.

"Nilikungoja pale njia inapoanza kupanda," alisema. "Wengine wote walishapita. Nikasema labda mguu unakuuma, nikaendelea kukungoja."

"Nisamehe, Baba," nikajibu. "Nilichelewa."

Akanisamehe hapohapo. Alifariki siku mbili baadaye, na mpaka mwisho sikumwambia kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa anakuja.