Mlango wa Potasiamu

Baba alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima: nikishindwa kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, naenda Kasomeno kusimamia depo yake ya unga. Kwetu, watu wa Kasai, neno la baba halirudi nyuma. Unga sikuuogopa. Niliogopa kuiacha protini yangu.

Ni protini ya bakteria, mlango mdogo kwenye utando wa seli: potasiamu inapita, sodiamu inabaki nje ingawa ni ndogo zaidi. Wenye mashine walishalijua umbo lake kwa kupiga fuwele zake eksirei. Mimi nilichukua vipimo vyao, nikaukunja mlango ule kwa waya wa shaba, maana Lubumbashi shaba hatuombi kwa mtu. Vipande vinne vinavyofanana, tundu katikati. Nilijivunia sana.

Siku yenyewe rais wa juri iliyonitahini, profesa mnene aliyeshiba bukari, ugali wa kwetu, alichukua shanga mbili nilizoleta za kuonyesha, akazidondosha tunduni. Kubwa, potasiamu, ilipita. Ndogo, sodiamu, nayo ikapita, tena mbio.

“Mutoto, mulango yako inatudanganya.”

Ukumbi ukacheka. Baba akatazama chini. Hasira ikanipanda, na hasira ndiyo iliyonifungua akili. Waya haukuwa na kosa. Shanga ndizo nilizozileta uchi.

“Prof, inje kila moja iko inavaa maji, kama koti. Inaivua tu kama mikono ya mulango inaipokea pande zote.”

Shangazi zangu wanne walikuwa wamekuja na kitenge cha aina moja, kama ilivyo desturi, na poda ya kunimwagia nikifaulu. Nikawasimamisha duara, mikono mbele, bila ruhusa ya kusogea. Profesa, ndiye potasiamu, akaingia katikati na koti lake. Mikono ikamgusa pande zote, koti likamtoka. Akafuata katibu wa juri, mwembamba, ndiye sodiamu. Mikono haikumfikia.

“Na miye, koti nitamuachia nani?” akauliza, akarudi nalo kitini.

Juri ikatoka kushauriana. Iliporudi, profesa alinyoosha mkono kwa shangazi mkubwa.

“Mama, koti yangu.”

Shangazi akalikumbatia. “Lete kwanza jibu.”

Profesa akamtazama, kisha akanigeukia mimi. “Distinction. Umepita muzuri.”

Shangazi walikuwa bado wanapapasa mikoba yao. Poda ya kwanza kunipiga kichwani ilitoka mfukoni mwa baba.